Vivuli vya Jumamosi

11 Aprili

Kifungo,

Barua yako nimeipata. Mistari saba ya salamu nimeiruka nikaenda kwenye jambo lenyewe: umepata thelathini na nane kwa mia kwenye hesabu. Thelathini na nane! Mtoto niliyemlea kwa mikono yangu, aliyejua kuhesabu vifungo kabla ya kujua kufunga kimoja. Eti "sehemu zinanichanganya, Bibi." Zinakuchanganya nini? Si wewe uliyekuwa unakaa chini ya meza yangu ukiokota vipande vya vitambaa?

Haya, fungua masikio. Mimi niliishia darasa la tatu, na hilo la tatu lenyewe sikulimaliza, kwa hiyo usingoje maneno ya kitabuni. Chukua karatasi, kata duara, kama ninavyokata sketi ya duara. Kunja katikati: nusu. Kunja tena: robo. Kunja tena: moja ya nane. Sasa niambie, ukiigawa sketi ileile vipande vingi zaidi, kila kipande kinakua au kinapungua? Kinapungua. Basi moja ya nane ni ndogo kuliko moja ya nne, hata kama nane inajifanya kubwa. Wewe, kwenye karatasi ya mtihani uliyonitumia, umeandika kinyume katika swali la pili, la tano na la tisa. Na kujumlisha nusu na robo, kwanza igeuze hiyo nusu iwe robo mbili, ndipo uhesabu. Robo tatu. Hakuna fundi asiyejua hilo, hata wale wanaoharibu nguo za watu kule sokoni.

Rudia maswali yote kumi kwa karatasi ya kukunja, unitumie nisahihishe.

Huku ni kuzuri. Tangu mama yako aje kukuchukua mwezi wa kwanza nyumba imetulia. Imetulia hadi cherehani yangu inanipigia kelele mwenyewe. Simu aliyoniachia mama yako nimeifungia kabatini. Mtu akinitaka ataandika, kama unavyoandika wewe.

Kata kucha.

Bibi yako

*

20 Aprili

Shikamoo Bibi,

Nimepata sabini na moja! Mwalimu wa hesabu aliuliza nani amenifundisha, nikasema fundi cherehani. Darasa zima likacheka. Mwalimu hakucheka, aliniomba ile karatasi ya kukunja akaibandika ukutani.

Bibi, kuna jingine. Mwalimu wa sayansi ametutaka kila mmoja achague swali lake mwenyewe, lisilo la kitabuni, swali linalomwasha, alifanyie kazi muhula mzima. Mmoja amechagua kwa nini popo analala kichwa chini. Mwingine amechagua kwa nini baba yake anakoroma. Mimi nimechagua hili: kutoka hapa hadi kwa Bibi ni mbali kiasi gani?

Mwalimu akasema, "Tazama ramani, umemaliza." Nikamwambia sitaki kutazama, nataka kupima. Akasema njia ipo, ni vivuli. Mji wako uko kusini kabisa mwa huku, kwa hiyo jua la saa sita haliwaangukii watu wawili kwa pembe moja. Tukipima vivuli siku moja, wewe huko na mimi huku, tofauti yake itatupa umbali.

Ndiyo kazi yenyewe, Bibi. Simamisha uani ile mita yako ya mbao ya kupimia vitambaa, iwe wima kabisa. Jumamosi, kuanzia saa tano na nusu, weka alama kwenye ncha ya kivuli kila baada ya dakika chache mpaka uone kinaanza kurefuka tena. Kile kifupi kuliko vyote ndicho unachopima. Kila Jumamosi, kuanzia tarehe 29. Nami nitapima siku hizohizo. Mwalimu amekataza nisikuambie vipimo vyangu hadi mwisho, usije ukavifuata.

Nakaa dawati la dirishani peke yangu. Si pabaya, naona mlingoti wa bendera. Mama anatoka sijaamka. Bahasha zako naziacha juu ya friji makusudi azione. Anazifutia vumbi. Hazifungui.

Mjukuu wako,
Kifungo

*

29 Aprili

Kifungo,

Sabini na moja ni sabini na moja, si mia. Usianze kutembea kifua mbele.

Hilo swali lako ni la ajabu. Ungeniuliza ningekuambia: ni basi la kutwa nzima na maumivu ya mgongo. Lakini umeniomba, na mimi nikiombwa kazi siitupi. Leo saa tano na nusu nimechomeka mita yangu uani, nikachora kwa chaki ya kitambaa. Fundi Viatu, si unamjua, jirani yetu wa ukuta mmoja, akachungulia. "Mama, unatafuta nini chini?" Nikamwambia natafuta adabu yako. Akakaa juu ya ukuta hadi mwisho, na viatu vya watu mkononi.

Kivuli kifupi kuliko vyote: sentimita thelathini na saba. Nimepima mara tatu kwa futi yangu ya kamba. Andika.

Nitakuambia kitu, ukiringia nitakukana. Nimekaa uani saa nzima nikitazama kivuli cha ubao. Sijawahi kutazama kitu saa nzima ambacho sikishoni. Nikafikiri, na yule mtoto sasa hivi ameinama hivihivi. Mgongo haukuuma.

Kuhusu mama yako na bahasha, nyamaza, ni mambo ya wakubwa. Alitaka nifunge nyumba nihamie kwenu, vyumba viwili ghorofa ya tatu, cherehani niuze kwa sababu haina pa kukaa. Nikamwambia pasipokaa cherehani yangu sikai mimi. Akasema siku nikianguka peke yangu humu atakuja kunihamisha bila kuniuliza. Nikamwambia mimi sianguki. Basi.

Dawati la dirishani ni zuri, lina mwanga. Lakini geuka upande wa pili pia, umsalimie mtu.

Bibi yako

*

5 Mei

Fundi Viatu,

Nakuandikia kwa sababu nikipaza sauti mtaa mzima utasikia. Asante kwa kunitoa sakafuni jana. Kigoda kilikuwa kibovu, mimi sina kosa. Chakula niletee mlangoni, weka, ondoka. Hospitali siendi. Nyonga itapoa yenyewe.

Na ole wako umwandikie binti yangu. Akijua nimeanguka atakuja kuniondoa humu kama kabati. Ukitoa neno nitakutoa meno mawili yaliyobaki.

Mama, jirani yako

(Nyuma ya karatasi hiyohiyo)

Mama, meno ni matatu. Sitasema. Ila usiku nakusikia ukutani ukiugulia, na mimi si kiziwi. Nimekuachia dawa ya kuchua. Mita yako ya mbao bado imesimama uani, niing'oe?

Fundi Viatu

*

13 Mei

Shikamoo Bibi,

Kipimo cha kwanza nimekipata, asante sana. Cha tarehe 6 hakijafika. Labda posta. Nimesubiri siku saba.

Nilimsalimia yule wa swali la kukoroma. Akaniuliza kwa nini bibi yangu anaandikiwa barua kama mtu wa zamani. Nikarudi dirishani.

Bibi, kama kazi hii inakuchosha, useme tu, sitakasirika. Au kama umechoka na mimi. Naweza kuchagua swali la popo, limeachwa.

Kifungo

*

20 Mei

We mtoto,

Nani amekuambia nimechoka? Umechoka wewe. Popo umwache alale.

Nilikuwa na kazi nyingi, sare za shule nzima, sikupata nafasi ya kwenda posta. Vipimo vyako hivi hapa, nimevipima kwa mkono wangu, usiniulize mara mbili.

Tarehe 6: thelathini na saba.
Tarehe 13: thelathini na saba na nusu.
Leo tarehe 20: thelathini na saba.

Unaona? Saa sita ni saa sita. Sijui kwa nini mwalimu wako anataka Jumamosi zote hizo, moja ingetosha, lakini wasomi wanapenda kurudiarudia.

Uani kuzuri. Jua kali. Fundi Viatu anakusalimu.

Mwandiko umepinda kwa sababu naandikia magotini, meza imejaa nguo.

Bibi yako

*

31 Mei

Shikamoo Bibi,

Leo mwalimu ameniruhusu kuweka vipimo vyako na vyangu kwenye karatasi moja. Vyangu: tarehe 29 thelathini na moja. Tarehe 6 thelathini na tano. Tarehe 13 thelathini na tisa. Tarehe 20 arobaini na mbili.

Changu kinarefuka kila wiki, Bibi. Miezi hii jua linaelekea kaskazini, kwa hiyo vivuli vya saa sita vinarefuka huku na huko pamoja. Cha kwako, kwa kuwa uko kusini zaidi, kilitakiwa kuwa kirefu kuliko changu siku zote. Cha kwako kimesimama.

Mwalimu alisema, "Bibi yako ni mzee, amekosea kupima. Futa hivi vitatu tuanze upya." Nikamwambia Bibi hakosei kupima. Nikamwambia Bibi aliwahi kufumua gauni la bibi harusi kwa sababu ya nusu sentimita ambayo hata bibi harusi hakuiona. Akasema basi elezea namba hizi. Nikakaa nazo mapumziko yote mawili.

Namba hizi hazikukosewa. Hazikupimwa.

Umesema umepima kwa mkono wako, na hujawahi kunidanganya, hata yule kuku alipokufa uliniambia amekufa, hukusema amesafiri. Kwa hiyo kuna kitu. Mwandiko wako umelala upande. Sare za shule hushonwa mwezi wa kwanza. Tangu lini hutoki nje, Bibi?

Sijamwambia mama. Barua yako nimeificha, sikuiweka juu ya friji. Nikisema atakuhamisha, nisiposema labda utakufa, na mimi nina miaka kumi na mbili tu, sijui. Naomba Jumamosi tarehe 10 unipimie cha kweli. Kikiwa cha kweli nitajua umeweza kufika uani, nitanyamaza. Nikikiona cha uongo nitasema.

Usinikasirikie.

Kifungo

*

10 Juni

Kifungo,

Hamsini na tano.

Hiyo ni ya kweli. Sasa kaa chini.

Tarehe 4 Mei nilipanda kigoda kushusha jora la kitambaa, kigoda kikateleza, nikaangukia nyonga. Toka hapo natoka kitandani kwenda kwenye kiti na kutoka kwenye kiti kwenda kitandani. Sikufika uani hata mara moja. Vile vipimo vitatu nilivitunga nimelala, na ile nusu niliiongeza ili visifanane sana, nikajiona mjanja. Niliamini kivuli cha saa sita hakina pa kwenda. Miaka sabini nimeishi chini ya jua hilihili sijui kama linahama. Umenishika, na umenishika kwa haki. Ningekuwa na mkono mrefu ningekuzaba kibao, halafu nikubusu palepale.

Leo nilianza safari saa tatu asubuhi. Nilishika kiti, nikawa nakisukuma mbele, napumzika, nakisukuma. Fundi Viatu alitaka kunibeba, nikamwambia hajabeba mke atanibeba mimi? Alitembea pembeni mikono imenyooka kama anamfundisha mtoto kutembea. Saa tano na robo nilikuwa uani. Mita ilikuwa bado imesimama, ndege wameichafua. Nikakaa chini kabisa, futi mkononi, nikachora, nikasubiri, nikachora. Nilipoona hamsini na tano nikapima tena. Nikapima tena. Kumbe kweli. Kimerefuka sentimita kumi na nane na mimi sikuwepo kukiona.

Kutoka kitandani kwangu hadi uani ni hatua kumi na moja. Nilikuwa nazikatisha na ndoo ya maji nikikufokea wewe njiani. Nilikuwa sijui kama ni mbali.

Umeandika kama kipimo ni cha kweli utanyamaza. Usinyamaze. Nilikuwa nimepanga kukutumia namba tu, na sifa mbili tatu, ningeshinda. Lakini nilipokuwa pale chini nikifikiria mtoto wa miaka kumi na mbili anaficha barua yangu, anabeba nyonga yangu kwenye mkoba wa shule, nikaona aibu. Aibu ya kweli, si ya kusema. Mzigo wangu huo, sikukulea uje uubebe.

Mwambie mama yako. Mpe barua hii aisome mwenyewe. Mwambie sikuandika kuomba kuhamishwa. Nimeandika kwa sababu mwanawe amenifundisha kupima.

Na sikuchoka na wewe hata siku moja. Nilichoka na kitanda.

Bibi yako

*

18 Juni

Shikamoo Bibi,

Barua hii anakuletea mama mwenyewe, kwa hiyo ukiisoma yeye yuko mbele yako.

Nilimpa ile yako jana jikoni. Aliisoma amesimama. Alipofika kwenye hatua kumi na moja akakaa. Halafu akaenda kwenye friji akashusha bahasha zako zote, akazisoma tangu ya kwanza. Kisha akatoa masanduku mawili. Ni matupu, Bibi. Nimemuuliza ya nini, akasema ya nguo zako. Nimemwambia Bibi amesema hataki. Amesema, "Bibi yako angesema hataki hata nyumba ikiwaka moto." Nitalala kwa yule wa swali la kukoroma hadi arudi. Kumbe ni msichana mzuri, anapenda kuongea tu.

Sasa jibu letu. Tarehe 10 kivuli changu kilikuwa arobaini na tisa. Chako hamsini na tano. Nimechora pembetatu zote mbili, nikapima kwa kile kinusu-duara cha kwenye mkebe wa hesabu. Pembe yako digrii ishirini na tisa, yangu ishirini na sita. Tofauti ni tatu. Dunia nzima kuizunguka ni digrii mia tatu na sitini, kwa hiyo tatu ni moja ya mia na ishirini. Mwalimu alitaka kunieleza, nikamwambia najua, ni sketi ya duara. Ukiikata vipande mia na ishirini, kimoja ndicho kilicho kati yetu. Upindo wa sketi nzima ni kilomita elfu arobaini. Upindo wa kipande chetu ni kilomita mia tatu thelathini na tatu.

Nilidhani nikijua nitafurahi. Nimeiandika ubaoni, wamepiga makofi. Halafu nikarudi dirishani, nikaona ni nyingi.

Kifungo

*

1 Julai

Kifungo,

Mama yako ameondoka jana asubuhi. Masanduku yake ameondoka nayo matupu, ila moja lina gauni lako jipya. Nimelipima kwa kukisia, likibana ulete kipimo.

Siku mbili za kwanza tuligombana. Yeye anakunja nguo zangu, mimi nazikunjua. Alinipeleka hospitali, hilo nilimwachia. Daktari anasema mfupa una ufa, unaunga, nitembee na fimbo, na vigoda nivisahau. Jumamosi, saa tano na nusu, bila kuambiwa, nikamwona anatoka uani na futi yangu. Anainama, anachora, hajui hata futi inashikwaje. Nikamfokea kutoka mlangoni, "Lalisha futi! Mimi nimekuzaa hivyo?" Akanigeukia, uso umelowa, akasema, "Mama, kumbe huwa unakaa hapa nje unamfikiria." Nikamwambia pima, kivuli kinakimbia.

Hamsini na sita. Tulikipima wote wawili.

Usiku hakukunja nguo. Asubuhi akasema sharti lake. Nabaki kwangu, na cherehani inabaki. Lakini kila Jumamosi nitume kivuli, naye atakipeleka kwa mwalimu wako akikague na chako. Wiki ambayo namba haitakuja, au itakuja ya kitandani, anakuja na gari la mizigo na hataniuliza. Nimekubali. Mtu mwingine angenidai niseme sijambo, na sijambo naweza kuitunga nimelala. Hili jua halitungiki.

Nimemsindikiza hadi kituoni kwa fimbo. Kurudi nilirudi peke yangu, polepole. Nyumba imetulia tena. Nimekuta kikombe chake mezani, sijakiosha bado.

Leo hatua zimekuwa kumi na tisa, kwa sababu ya fimbo napiga ndogondogo. Kivuli ni hamsini na tano na nusu. Kimepungua, we mtoto! Nilipima mara nne. Fundi Viatu anasema jua limegeuza linarudi. Usimwambie mwalimu kwamba nilishangaa.

Jumamosi ijayo saa tano na nusu nitakuwa nimekwishatoka. Ukiinama kuchora, ujue na mimi nimeinama. Usiharakishe kuinuka.

Bibi yako